Uchaguzi wa Marekani wa 1860: rais aliyepata sifuri katika majimbo tisa

Tarehe 6 Novemba 1860 Wamarekani walipiga kura, na aliyeshinda ni Abraham Lincoln, mwanasheria wa Illinois. Katika majimbo tisa ya Kusini hakuhesabiwa kura hata moja. Alabama sifuri, Georgia sifuri, Texas sifuri. Jimbo la kumi, South Carolina, halikuwapigisha wananchi wake kura kabisa. Wabunge walikaa wakaamua wenyewe. Kwa nchi nzima Lincoln hakufikisha asilimia 40. Na bado, wapinzani wake watatu wangejumlisha kura zao zote katika kila jimbo, angewashinda vilevile.

Anayesikia haya kwa mara ya kwanza hunusa wizi. Wizi haukuwepo. Kilichomfikisha Lincoln Ikulu ni hesabu, tena hesabu iliyowekwa miaka 73 nyuma kwa faida ya watu wale wale ambao sasa waliiona chungu.

Kuna masimulizi mawili juu ya uchaguzi huu yanayozunguka sana. La kwanza linasema Wamarekani wa Kaskazini walimchagua Lincoln ili akawakomboe watumwa. La pili, ambalo watetezi wa Kusini hawajachoka kulirudia, linasema utumwa ulikuwa kisingizio. Ugomvi wenyewe, linadai, ulihusu haki ya kila jimbo kujiamulia mambo yake. Ukisoma yale waliyoandika na kusema wenyewe wakati ule, hakuna linalosimama kati ya hayo mawili.

Watano wahesabiwe watatu

Twende Philadelphia, 1787, katiba inapotungwa. Swali lilikuwa viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe vipi. Kwa idadi ya watu, sawa, lakini watu gani? Wajumbe wa Kusini walitaka watumwa wao wahesabiwe. Wa Kaskazini wakauliza: kama hawa ni mali yenu, mbona farasi na ng'ombe wetu hawahesabiwi? Wakapatana katikati: kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Neno "mtumwa" lenyewe halikuandikwa. Katiba ile inasema "watu wengine wote", kwa haya ya mtu anayejua anachokifanya.

Mtumwa hakupata kura kwa mpango huu, wala tatu ya tano ya kura. Aliyenufaika ni bwana wake, ambaye jimbo lake lilipata viti vingi kuliko idadi ya watu wake huru. Na kwa kuwa rais wa Marekani hachaguliwi moja kwa moja na wananchi bali na wajumbe wa majimbo, na idadi ya wajumbe wa jimbo ni sawa na viti vyake vya Baraza ukiongeza maseneta wake wawili, uzito ule ulipanda ngazi hadi Ikulu. Kati ya 1789 na mwanzoni mwa 1861, kwa takriban miaka 50 kati ya 72, rais wa Marekani alikuwa mtu aliyemiliki watumwa. Mwaka 1857 majaji watano kati ya tisa wa Mahakama ya Juu walitoka majimbo ya utumwa.

Lakini hesabu inayotegemea idadi ya watu haina rafiki wa kudumu. Wahamiaji kutoka Ireland na Ujerumani walimiminika Kaskazini, kwa sababu mtu ambaye mtaji wake ni mikono yake haendi kushindania kazi na asiyelipwa. Kufikia 1860 kulikuwa na majimbo huru, yaani yasiyo na utumwa, 18, na ya utumwa 15. Kura za wajumbe zilikuwa 303. Ya kumpa mtu urais ni 152. Majimbo huru yalikuwa na 183. Yaani chama kikiizoa Kaskazini peke yake, kinaweza kutwaa Ikulu bila kumwomba mtu mmoja wa Kusini kura yake. Hesabu hiyo wanasiasa wa Kusini waliijua mapema, na hofu yake ndiyo iliyoendesha karibu kila ugomvi wa miaka kumi iliyotangulia.

Kwa nini waligombania ardhi tupu

Msomaji wa leo hushangaa kwamba wakati watu karibu milioni 4 wako utumwani, wanasiasa walikuwa wakitoana roho juu ya Kansas, nyika ambayo watumwa wake ungeweza kuwahesabu kwa muda mfupi. Hapo ndipo penye fundo lenyewe, na inafaa tulifungue taratibu.

Katika Seneti kila jimbo lina viti viwili, dogo na kubwa. Kusini, iliyozidiwa kwa watu, ilijikinga na Seneti. Kwa hiyo kila kipande kipya cha ardhi ya magharibi kilichokaribia kuwa jimbo kilikuwa maseneta wawili walio njiani, na swali likawa wanakuja upande wa nani. Mwaka 1820 walipatana: Missouri iingie na utumwa, Maine iingie bila utumwa, na katika ardhi iliyobaki ambayo Marekani iliinunua kutoka Ufaransa uchorwe mstari kwenye nyuzi 36 na dakika 30, kaskazini mwake utumwa marufuku. Amani ikakaa kwa muda. Kisha Marekani ikapigana na Mexico (1846 hadi 1848), ikatwaa nchi pana mpaka Pasifiki, na ugomvi ukarudi na nguvu mpya.

Mapatano ya 1850 yaliikubali California kama jimbo huru, na usawa wa 15 kwa 15 katika Seneti ukavunjika. Kusini ikapewa kifuta machozi: sheria kali ya watumwa watoro. Sheria hii iliwalazimisha maofisa wa serikali kuu, na hata raia wa kawaida wakiamriwa, kusaidia kumkamata mtoro popote alipo. Aliyekamatwa hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake wala kushtakiwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Kamishna aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Hapa tuyakumbuke maneno "haki za majimbo". Walioidai sheria hii ni Kusini, na ni wao waliotaka mkono wa serikali kuu uingie ndani ya Massachusetts na Ohio bila majimbo hayo kuulizwa.

Mwaka 1854 seneta Stephen Douglas wa Illinois, mtu mfupi mwenye sauti nzito na tamaa ya urais isiyofichika, akapitisha sheria ya Kansas na Nebraska. Ilifuta ule mstari wa 1820. Badala yake, alisema, wakazi wenyewe wa kila eneo jipya wapige kura kama wanataka utumwa au hawautaki. Inaonekana ni demokrasia safi. Kilichotokea ni kwamba pande zote mbili zilipeleka watu na bunduki Kansas wakawahi kuwa wengi, na damu ikamwagika. Mei 1856 mbunge mmoja wa South Carolina, Preston Brooks, alimvamia seneta Charles Sumner wa Massachusetts kwenye meza yake ndani ya Seneti, akampiga kwa fimbo hadi akazimia. Kosa la Sumner lilikuwa hotuba juu ya Kansas. Wapo waliomtumia Brooks fimbo mpya kwa pongezi.

Sheria hiyo ya 1854 iliua chama cha Whig, ambacho kilikuwa na wafuasi Kaskazini na Kusini. Katika majivu yake kukazaliwa chama cha Republican, na hiki kilikuwa kitu kigeni katika siasa za Marekani: chama kikubwa chenye mizizi Kaskazini tu. Msingi wake mkuu ulikuwa mmoja, kwamba utumwa usivuke kwenda ardhi mpya. Ulipo, uachwe. Mwaka 1856 mgombea wake wa kwanza wa urais, John C. Frémont, alipata majimbo 11 na kura za wajumbe 114. Alishindwa, lakini kila mwenye penseli aliona kwamba laiti angeongeza Pennsylvania pamoja na Illinois au Indiana, angekuwa rais.

Pamba, na kipande cha merikani

Kabla hatujafika 1860 nisimame kidogo, kwa sababu kuna hatari ya kuiona Kaskazini kama malaika. Pamba iliyolimwa na watumwa ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa nje na Marekani. Waliolima walikuwa Mississippi na Alabama. Waliokopesha, waliokatia bima na waliosafirisha walikuwa New York. Waliosokota na kufuma walikuwa Massachusetts.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wa biashara hiyo mdomoni mwetu: merikani. Kitambaa kile kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilichobebwa vichwani na misafara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, kilipewa jina la nchi kilikotoka. Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani akafungua ofisi Zanzibar. Meli za mji wa Salem zilileta nguo zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo hiyo ilifumwa na wasichana wa viwandani wanaolipwa mshahara, katika jimbo lililokuwa limeshakomesha utumwa, kwa pamba iliyochumwa na watu waliouzwa mnadani New Orleans. Ikafika Unguja ikalipia pembe zilizobebwa, mara nyingi, na watu waliokuwa wenyewe watumwa. Vita vilipozuka 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikaichukua nafasi yake sokoni.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa New York mwaka 1860 hakuwa na haraka ya kumwona Lincoln Ikulu. Tutamkuta tena mbele.

Jaji aliyetaka kumaliza mjadala

Machi 1857 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa sababu bwana wake, daktari wa jeshi, aliwahi kuishi naye Illinois na kwingine kaskazini mwa ule mstari. Jaji Mkuu Roger Taney angeweza kumaliza kwa kusema Scott hana haki ya kushtaki. Alisema hivyo, kwa hoja kwamba Mweusi, awe mtumwa au huru, si raia wa Marekani. Kisha akaendelea: Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya, kwani kufanya hivyo ni kumnyang'anya mtu mali yake.

Sentensi hiyo ilimgusa kila mwanasiasa. Kwa Republican ilimaanisha kwamba msingi wa chama chao ni kinyume cha katiba. Kwa Douglas ilikuwa mbaya zaidi, ingawa alijifanya kuishangilia. Kama Bunge haliwezi kuzuia utumwa, bunge dogo la eneo ambalo linapata mamlaka yake kutoka Bunge linawezaje?

Lincoln alimshika hapo hapo. Mwaka 1858 walishindania useneta wa Illinois, wakafanya midahalo saba. Katika mji wa Freeport Lincoln akamuuliza: je, wakazi wa eneo jipya wanaweza kwa njia yoyote halali kuukataa utumwa kabla hawajawa jimbo? Akisema hapana, wapiga kura wa Illinois watamwacha. Akisema ndiyo, Kusini watamwacha. Douglas akasema ndiyo: utumwa hauwezi kuishi hata siku moja bila sheria ndogo za kuulinda, na wakazi wakikataa kuzitunga, basi. Alipata useneta. Urais wake ulianza kupotea hapo, mbali na kosa lake lingine ambalo Kusini hawakulisamehe, la kukataa katiba ya utumwa iliyotungwa kwa hila Kansas.

Oktoba 1859 John Brown, mzungu aliyeamini kwamba utumwa hautaisha bila damu, akavamia ghala la silaha la serikali Harpers Ferry, Virginia, akiwa na watu wachache, weupe kwa weusi, ili awape watumwa silaha. Alikamatwa na kunyongwa Desemba 2. Chama cha Republican kilimkana. Kusini hakuna aliyesikia ukanusho huo. Walichosikia ni kengele za makanisa ya Kaskazini zikimlilia.

Charleston, raundi 57

Mkutano mkuu wa Democratic ulifunguliwa Charleston, South Carolina, Aprili 23, 1860. Hiki ndicho kilikuwa chama cha mwisho kilichobaki kikiunganisha Kaskazini na Kusini, na kama kuna siku moja ya kuitazama kwa makini katika mwaka ule, mimi naichagua siku ya wiki ile kuliko hata siku ya kura.

Wajumbe wa Kusini, wakiongozwa na William Lowndes Yancey wa Alabama, walikuja na sharti. Haikuwatosha tena kwamba serikali kuu isizuie utumwa katika maeneo mapya. Walitaka ilani iseme serikali kuu ina wajibu wa kuulinda huko, hata kama wakazi hawautaki. Wajumbe wa Kaskazini wakaona wanaombwa wajichimbie kaburi: wakirudi Ohio na New York na ilani hiyo, nani atawapa kura? Wakakataa. Wajumbe wa Alabama wakasimama wakatoka, na wa majimbo mengine ya Kusini ya mbali wakawafuata, mbele ya watazamaji waliowashangilia.

Waliobaki wakajaribu kumpitisha Douglas. Kanuni ilitaka theluthi mbili, na mwenyekiti akaamua kwamba hizo ni theluthi mbili za wajumbe wote 303, hata waliotoka. Yaani 202. Walipiga kura raundi 57. Douglas aliongoza tangu ya kwanza hadi ya mwisho na hakufika. Wakaahirisha, wakakutana tena Baltimore Juni, wakagawanyika tena. Waliobaki ukumbini wakampitisha Douglas. Waliotoka wakampitisha John C. Breckinridge wa Kentucky, ambaye wakati ule alikuwa makamu wa rais wa nchi.

Kati ya vikao hivyo viwili wazee wa zamani wa Whig walikutana wakaunda chama cha Muungano wa Katiba, wakamsimamisha John Bell wa Tennessee. Ilani yao ilikuwa Katiba, Muungano na utii wa sheria. Juu ya utumwa walinyamaza. Ni rahisi kuwacheka, lakini waliijua nchi yao: kila aliyelifungua lile jambo alitoka na kidonda.

Republican walikutana Chicago katikati ya Mei, katika ukumbi wa mbao uliojengwa kwa ajili yao. Aliyetarajiwa ni seneta William Seward wa New York, na raundi ya kwanza aliongoza kwa 173.5 dhidi ya 102 za Lincoln. Lakini Seward alishasema hadharani kwamba mgongano wa mifumo miwili hauzuiliki, na wajumbe wa Pennsylvania, Indiana na Illinois, yale majimbo ya mwaka 1856, waliogopa kuuza jina hilo nyumbani. Lincoln alikuwa ametumikia Bunge kipindi kimoja tu na hakuwa na maadui wengi. Raundi ya tatu akapita. Ilani ilipinga kuenea kwa utumwa, ikaahidi kutougusa ulipo, ikalaani uvamizi wa aina ya John Brown, na ikaongeza vitu vya kuvuta mikono: ushuru wa kulinda viwanda kwa ajili ya Pennsylvania, ardhi ya bure kwa walowezi, reli hadi Pasifiki.

Kura ilivyopigwa

Hutasikia nikisema kwamba Kusini ilimwondoa Lincoln kwenye karatasi ya kura, ingawa wengi husema hivyo. Wakati ule hapakuwa na karatasi ya serikali. Kila chama kilichapisha karatasi zake zenye majina ya wajumbe wake, kikazigawa, na mpiga kura akaja kuitumbukiza machoni pa watu, mara nyingi karatasi ikiwa na rangi inayojulikana kwa mbali. Pasipo na chama hapakuwa na karatasi. Na Alabama ya 1860 nani angefungua tawi la Republican, akae barazani akigawa vikaratasi vya Lincoln? Palipokuwa na mwanya kidogo alipata kitu: Virginia kura chini ya 2,000, Kentucky, jimbo alikozaliwa, hata 1,500 hazikufika.

Kwa hiyo zilikuwa chaguzi mbili siku moja. Kaskazini walishindana Lincoln na Douglas. Kusini walishindana Breckinridge na Bell. Mgombea wa huku hakuwa na uzito kule.

Wale wafanyabiashara wa New York niliowataja walijaribu mbinu ya mwisho: kuunganisha wapinzani wote katika orodha moja ndani ya jimbo lao. Haikuwa mbinu ya kijinga. New York ilikuwa na kura 35 za wajumbe. Bila hizo Lincoln angebaki na 145, asitimize 152, na uamuzi ungekwenda Baraza la Wawakilishi ambako kila jimbo lina kura moja. Lincoln akashinda New York kwa kura takriban 50,000.

Mwisho wa hesabu: Lincoln kura kama milioni 1.87 na wajumbe 180. Breckinridge wajumbe 72. Bell 39. Douglas, wa pili kwa kura za wananchi akiwa na milioni 1.38, aliambulia 12. Kura zake zilitawanyika kila mahali zikawa nyingi bila kutosha popote isipokuwa Missouri na sehemu ya New Jersey. Sasa jumlisha wapinzani wote watatu: Lincoln angepoteza California, Oregon na wajumbe wake wanne wa New Jersey, jumla 11. Anabaki na 169.

Siku hiyo hiyo wapiga kura wa New York waliulizwa pia kama waondoe sharti la dola 250 za mali lililowekwa kwa Weusi peke yao wanaotaka kupiga kura. Walikataa, kwa tofauti kubwa. Jimbo lilelile, siku ileile. Naye Frederick Douglass, mtoro wa Maryland aliyekuja kuwa sauti kubwa kuliko zote dhidi ya utumwa (asichanganywe na seneta Douglas), hakumwunga mkono Lincoln mwaka huo bali Gerrit Smith, mgombea mdogo asiye na matumaini yoyote ambaye alitaka utumwa ukomeshwe kila mahali.

Basi waliogopa nini?

Kama Lincoln aliahidi kutougusa utumwa ulipo, mbona South Carolina ilijitoa Desemba 20, na kufikia Februari 1, 1861 majimbo saba yalikuwa yamekwenda, kabla hajaapishwa?

Wenyewe walieleza. Tamko la South Carolina linalalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakwamisha kurudishwa kwa watoro, kwamba mahakama za New York zinamnyima mtu hata haki ya kupita na mtumwa wake, kwamba baadhi yao wanawafanya Weusi kuwa raia, na kwamba amechaguliwa rais ambaye fikra zake ni adui wa utumwa. Yaani kosa la majimbo ya Kaskazini ni kutumia haki zao za majimbo. Mississippi haikuzunguka: ilitamka kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa, mali kubwa kuliko zote duniani. Kwa mali hawakutia chumvi sana. Thamani ya watumwa wa Marekani, kwa bei za mnada, ilizidi ya reli na viwanda vyote vya nchi vikiwekwa pamoja.

Wakati wa majadiliano ya baridi ile Lincoln alikuwa tayari kukubali mengi. Hakupinga hata rekebisho la katiba, lililopita katika Bunge Machi 1861, la kuuzuia mkono wa serikali kuu usiguse utumwa ndani ya majimbo milele. Jambo moja tu hakulegeza: utumwa usivuke kwenda ardhi mpya. Na jambo hilo moja ndilo Kusini ilihitaji, kwa sababu ya ile hesabu. Bila majimbo mapya, kila uchaguzi ujao ungekuwa kama huu, au mbaya zaidi.

Kulikuwa na hofu nyingine isiyosemwa sana majukwaani, nayo ilihusu ajira. Rais wa Marekani ndiye aliyeteua maofisa wa forodha, wa mahakama za serikali kuu, na wakuu wa posta, maelfu kwa maelfu, hadi vijijini. Tangu 1835 wakuu wa posta wa Kusini walikuwa wakizuia magazeti na barua za wapinga utumwa zisiwafikie watu. Takriban familia tatu kati ya nne za wazungu wa majimbo ya utumwa hazikumiliki mtumwa hata mmoja. Je, Lincoln akiwapa vyeo baadhi ya hao, na posta ikafunguliwa? Chama cha Republican kingeota mizizi Georgia yenyewe, kikiongozwa na wazungu maskini wa Georgia. Kwa mwenye shamba la watumwa 200 hilo lilitisha kuliko John Brown.

Posta hizo zilikuwa zimeshavuja, ila si kwa barua. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856, alikuja kusimulia kwamba watumwa wa shamba lao la mbali walijua vizuri kampeni ya Lincoln inahusu nini. Kijumbe aliyetumwa kuchukua barua posta, mwendo wa maili kadhaa, alikuwa akijichelewesha pale, maana wazungu waliokwisha kuchukua zao hukusanyika wakizungumza habari mpya. Akishapata kiini cha mazungumzo, anaondoka. Njiani anawapasha wenzake, na mara nyingi habari ilifika kwenye vibanda vya watumwa kabla barua haijafika nyumba kubwa.